Filta ya oili

Filta ya oili (pia: chujio la oili ya injini) ni kifaa kinachoondoa uchafu katika oili inayolainisha injini ya gari, lori, trekta, jenereta au boti. Kwa kawaida huonekana kama kopo dogo la bati lililofungwa ubavuni au chini ya injini, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwakunjwa. Ni moja ya spea za bei nafuu kabisa katika gari, lakini filta isiyolingana na injini, au ya bandia, inaweza kuua injini nzima.

Isichanganywe na filta ya mafuta, ambayo huchuja petroli au dizeli, wala filta ya hewa.

Kazi yake

Oili hukaa katika sampu, yaani beseni lililo chini ya injini. Pampu huivuta, huipitisha katika filta, kisha huisukuma kwenye beringi za krankshafti, kwenye kamshafti na, kama injini ina turbo, kwenye beringi za turbo pia. Njiani oili huokota chenga za chuma zinazotokana na msuguano, masizi ya mwako, na vumbi lililopenya kupitia njia ya hewa.

Ukubwa wa uchafu huu hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Injini inapobeba mzigo, utando wa oili unaotenganisha krankshafti na beringi yake hubaki na unene wa mikroni chache tu. Ndiyo maana chembe za mikroni 5 hadi 20, ambazo jicho haliwezi kuziona, ndizo zenye madhara makubwa: zinatosha kuziba utando huo na kukwaruza pande zote mbili.

Watu wengi huhukumu filta kwa rangi ya oili. Hiyo si hoja. Masizi ya injini ya dizeli ni madogo kuliko mikroni 1, hivyo hupita katika filta yoyote ya kawaida, na oili mpya ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku ileile iliyomwagwa. Weusi huo hauonyeshi kwamba filta haifanyi kazi.

Historia

Magari ya kwanza hayakuwa na filta, ila wavu wa waya tu kwenye mdomo wa pampu. Mwaka 1923 Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni filta ya oili ya gari waliyoiita Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Filta za awali zilichuja sehemu ndogo tu ya oili kwa wakati mmoja, na iliyobaki ilikwenda kwenye injini bila kuchujwa. Baadaye mfumo wa kupitisha oili yote katika filta ulienea, na katika miaka ya 1950 ikaja filta ya kopo la kuzungusha ambayo ndiyo inayojulikana zaidi leo.

Si kila injini ina filta ya namna hii. Volkswagen ya zamani ya mgongo wa duara ilikuwa na wavu tu, na wenye nayo walitakiwa kumwaga oili mara kwa mara. Pikipiki ya Honda CG125, pamoja na nyingi zilizoiga injini yake, hutumia wavu na kikombe kinachozunguka, ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kwa upande mwingine, injini nyingi za miaka ya karibuni zimeacha kopo la bati: hubadilishwa karatasi peke yake, na kifuniko chake hubaki kwenye gari.

Sehemu zake

Sehemu kuu ni kichujio chenyewe. Kilicho rahisi hutengenezwa kwa karatasi ya nyuzi za mimea iliyotiwa gundi maalumu. Kilicho ghali zaidi huwa na nyuzi za viwandani, kama za kioo, au mchanganyiko wa aina zote mbili. Karatasi hukunjwa ili eneo kubwa liingie katika kopo dogo.

Oili huingia kupitia matundu madogo ya pembeni, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutoka katika tundu kubwa la katikati. Nyuma ya matundu madogo kuna utando wa mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Utando huo ukiwa mbovu, hasa pale filta ilipolazwa au mdomo wake ulipoelekezwa chini, injini hugongagonga kwa sekunde chache kila asubuhi inapowashwa, kwa sababu inasubiri oili ifike. Mpira wa kawaida hukakamaa kwa joto. Wa silikoni hubaki laini muda mrefu zaidi.

Sehemu nyingine ni valvu ya dharura. Filta ikiziba, au oili ikiwa baridi na nzito, valvu hii hufunguka na kuruhusu oili kupita bila kuchujwa. Watengenezaji waliamua kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Valvu nyingi hufunguka tofauti ya presha inapofika kati ya bar 0.5 na 1.5, kulingana na injini. Baadhi ya injini zina valvu hiyo ndani ya bloku yake, hivyo filta zake hazina. Mtu akichukua filta isiyo na valvu na kuifunga kwenye injini inayoitegemea, hataona tofauti yoyote mpaka siku filta itakapoziba.

Uwezo wa kuchuja

Maandishi kama "mikroni 20" kwenye boksi hayasemi kitu yakisimama peke yake. Swali ni: kati ya chembe 100 za mikroni 20 zinazoingia, ngapi zinanaswa? Filta inayonasa 50 na inayonasa 99 zote zinaweza kuuzwa kwa maneno hayohayo.

Wahandisi hutumia uwiano uitwao beta: idadi ya chembe zilizoingia gawanya kwa zilizotoka. Zikiingia 100 na kutoka 50, beta ni 2, na filta imenasa asilimia 50. Zikitoka 5, beta ni 20, na ufanisi ni asilimia 95. Ikitoka 1, beta ni 100, na ufanisi ni asilimia 99. Mwanafunzi ataona kwamba beta ikipanda kutoka 20 hadi 100 asilimia huongezeka 4 tu, lakini uchafu unaofika kwenye beringi umepungua mara tano. Vipimo hivi hufanywa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 4548. Mtengenezaji anayetaja ukubwa wa chembe, asilimia na kiwango cha kipimo anastahili kuaminiwa zaidi kuliko anayeandika "ubora wa juu".

Kuchagua filta

Jambo la kwanza ni kulingana na injini, wala si jina la kampuni. Toyota Hiace, inayotumika sana kama daladala na matatu, imetengenezwa kwa injini za petroli na za dizeli, hivyo kuomba dukani "filta ya Hiace" hakutoshi. Kwa magari yaliyotumika Japani yanayoingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ni salama zaidi kutumia aina ya injini na namba ya chesisi, kisha kutafuta namba ya filta katika kitabu cha gari au katika orodha ya mtengenezaji wa filta.

Hatari kubwa iko kwenye hesi, yaani meno ya kukazia. Vipimo viwili vinavyopatikana sana ni robo tatu ya inchi (milimita 19.05, meno 16 kwa inchi) na milimita 20 yenye meno ya milimita 1.5. Kwa macho vinafanana. Filta ya milimita 20 inaweza kuingia kwenye bomba la robo tatu ya inchi na kuonekana imekaza, ilhali meno yameshikana kidogo tu. Presha ikipanda, gasketi huvuja au filta huchomoka, na oili humwagika yote katika dakika chache. Dereva asipozima injini mara taa nyekundu ya oili inapowaka, injini hunoki, na hasara yake huzidi kwa mbali bei ya filta. Kwa hiyo "imeingia" si ushahidi kwamba ndiyo yenyewe. Kipenyo cha gasketi nacho kilingane na mahali inapokalia.

Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kulinganisha karatasi na nyuzi, mpira na silikoni. Kwa gari linalomwagwa oili kila kilomita 5,000, filta ya karatasi iliyotengenezwa vizuri inatosha. Nyuzi za viwandani zina faida zaidi pale oili inapokaa muda mrefu. Aidha filta ya hewa iliyochanika huingiza vumbi jingi kiasi kwamba hakuna filta ya oili itakayoweza kulimudu, jambo linalosahaulika sana kwenye barabara za vumbi.

Filta bandia

Maduka ya spea, kama yale ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, huuza filta halisi, za kampuni nyingine zenye ubora halali, na pia za bandia. Kundi la pili lisichanganywe na la tatu: filta ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kwa kiwango si feki. Nchini Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na nchini Kenya na mamlaka iliyotokana na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008.

Maandishi yaliyofifia, namba zisizolingana kati ya boksi na kopo, na hesi zenye chenga ni dalili mbaya, lakini waghushi siku hizi huchapa maboksi safi. Ukweli umo ndani. Mwenye magari kadhaa anaweza kukata kopo moja kwa msumeno: mikunjo iwe mingi na iliyopangika sawasawa, gundi ya ncha zote mbili isiwe na mwanya, na valvu irudi kwa springi ikisukumwa.

Kufunga na kubadilisha

Filta hubadilishwa kila oili inapomwagwa, kwa sababu ya zamani hubaki na kiasi cha oili chafu. Fundi ahakikishe gasketi ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini. Gasketi mbili zikipandana huvuja. Gasketi mpya hupakwa oili, kisha filta hukazwa kwa mkono: inapogusa, huongezwa kwa kawaida robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Spana ni ya kufungulia. Baada ya kuwasha, injini huachwa ingurume taratibu huku ikichunguzwa chini, huzimwa, na kiwango cha oili hupimwa tena.

Filta iliyotolewa inafaa kukatwa na karatasi yake kukunjuliwa. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, hasa kwa injini mpya. Vipande vinavyong'aa vinavyoonekana kwa macho vinaashiria beringi inayokwisha. Kisha huachwa ichuruzike oili yote kabla ya kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.