Wilaya Moja, Shule Zisizolingana: Ulinganishi wa Shule za Sekondari za Umma za Little Rock, 1927–1959

Katika tafiti nyingi za historia ya elimu, wilaya huchukuliwa kuwa kizio kimoja cha uchunguzi, kwa kuwa ina bodi moja na hazina moja. Insha hii inaitilia shaka dhana hiyo kwa kuzilinganisha shule za sekondari za umma za Little Rock, katika jimbo la Arkansas, Marekani. Hoja yake ni kwamba tofauti baina ya shule hizo zilizalishwa na maamuzi ya wilaya yenyewe.

Tofauti ya kwanza ilikuwa ya rasilimali. Mwaka 1927 wilaya ilifungua shule ya wanafunzi weupe, ambayo baadaye iliitwa Central, kwa gharama ya takriban dola milioni 1.5. Mwaka 1929 ikafunguliwa Dunbar, shule ya wanafunzi weusi, kwa takriban dola 400,000, ambazo sehemu yake ilitoka katika Mfuko wa Rosenwald. Wasanifu Wittenberg na Delony walishiriki katika kazi zote mbili; pengo hilo, basi, lilikuwa la bajeti wala si la ufundi. Mishahara nayo ilitofautiana kwa rangi. Mwaka 1942 Sue Cowan Morris, mwalimu wa Kiingereza wa Dunbar, alifungua kesi akidai malipo sawa kwa walimu weusi. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi mwaka 1945.

Tofauti ya pili ilihusu mipaka. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kubatilisha utengano wa rangi shuleni mwaka 1954, msimamizi wa wilaya, Virgil Blossom, aliandaa mpango wa kuchanganya wanafunzi hatua kwa hatua. Horace Mann, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilibaki ya weusi. Hall, iliyofunguliwa mwaka 1957 upande wa magharibi walikoishi weupe wenye uwezo, haikupangiwa mwanafunzi mweusi hata mmoja. Central pekee ndiyo iliyopokea wanafunzi tisa weusi, ambao mwezi Septemba 1957 waliingia darasani chini ya ulinzi wa askari waliotumwa na Rais Eisenhower. Ubaguzi wa rangi ndio uliokuwa mzizi wa upinzani. Hata hivyo, mpango huo uliwapa wapinzani hoja ya kitabaka, kwamba watoto wa matajiri wameepushwa na mabadiliko waliyotwishwa watoto wa wafanyakazi.

Mwaka wa masomo 1958/59 unaonekana, kwa juujuu, kuzisawazisha shule hizo, kwani Gavana Orval Faubus alizifunga zote. Lakini wanafunzi weupe walio wengi walipata nafasi katika shule za binafsi au za wilaya jirani, ilhali takriban nusu ya wanafunzi weusi waliofungiwa milango hawakusoma popote. Amri moja ilileta hasara mbili zisizolingana.

Kwa hiyo, wastani wa wilaya, uwe wa matumizi au wa mahudhurio, hautoshi kuwa ushahidi wa usawa. Mtafiti anayelinganisha shule za wilaya moja hana budi kuchunguza pia nani alichora mipaka ya kila shule, nani aliachwa nje ya wajibu wa pamoja, na familia zipi zilikuwa na pa kukimbilia shule zilipofungwa.