Tarehe ya Pakiti Haijui Stima Ilipotea Jana

Wasee, tuseme ukweli. Wengi wetu tukishika pakiti ya maziwa tunasoma tarehe tu. Ikiwa haijafika, tunakunywa. Lakini historia ya ziwa letu, kuanzia Muhuru Bay na Sori kule Migori hadi Mbita na Homa Bay mjini, inaonyesha tarehe peke yake haitoshi.

Kabla ya friji, ngege alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani mpaka akawa obambla. Wengine walikaushwa kwa moshi. Omena nayo ilianikwa. Siri yake ni hii: vijidudu vinavyoozesha chakula vinahitaji maji. Ukikausha, umevinyima. Samaki mbichi naye alisomwa kwa macho na vidole: jicho angavu, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Huyo ni wa leo.

Halafu akaja mbuta. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinamkata minofu ya kuuza Ulaya. Sisi tukabaki na mgongo wazi. Kwanza Uhispania na Italia zikamkataa kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukafunga soko kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukafunga tena, safari hii kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu.

Cheki vizuri hapo. Hakuna hata mara moja ambapo shida ilikuwa tarehe. Shida ilikuwa safari ya samaki kutoka majini mpaka kiwandani. Ndipo ukaguzi ukakazwa, barafu na usafi wa mialo vikawa lazima. Lakini ulinzi huo ulimfuata samaki wa Ulaya. Omena ya ugali wako nyingi bado huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na mvua ikinyesha inaanza kuoza.

Kwa hivyo nyumbani, mkaguzi ni wewe. Tarehe ya maziwa ni ahadi yenye masharti: pakiti haijafunguliwa, baridi haijakatika. Stima ikipotea usiku kucha, ahadi imeisha hata kama tarehe ni ya wiki ijayo. Kwa upande mwingine, "bora kabla ya" kwenye biskuti inazungumzia ladha, si sumu, basi usikimbilie kutupa. Samaki aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa mbili.

Na usitegemee pua pekee. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu, yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mahindi yakiota ukungu, usiyaoshe, usiyasage. Tupa.

Soma tarehe, sawa. Halafu uliza: hiki chakula kimepitia wapi?