Leta Kipande

Mteja akiingia kwenye kibanda cha M-Pesa pale Katangi siku ya soko, salamu haiishi kabla hajaambiwa, "Leta kipande." Mzee hukitoa kwenye mfuko wa koti, mama hukifungua kutoka kwenye fundo la leso, na kijana wa boda boda huitaja nambari kwa kichwa bila hata kutoa kadi. Kwa miaka mingi wakala aliiandika nambari hiyo kwenye daftari refu lenye mistari: tarehe, jina, kitambulisho, simu, kiasi cha pesa, sahihi. Aliyefuata kwenye foleni aliinama kutia sahihi yake, na hata asipotaka, macho yake yalipita juu ya waliomtangulia. Aliona kwa kalamu ya bluu nani katoa shilingi ngapi, kwa kitambulisho kipi na simu ipi.

Jina rasmi la kadi hiyo ni kitambulisho. Wakenya wengi bado huiita kipande, na neno hilo lina kisa chake.

Katangi ni kituo cha biashara huko Yatta, Kaunti ya Machakos, kusini mwa barabara iendayo Garissa kutoka Thika. Ni nchi kame, na majina ya watu wake, Wakamba, hueleza walivyokuja duniani. Aliyezaliwa asubuhi ni Kioko, wa usiku ni Mutuku, wa wakati wa mvua ni Wambua au Mumbua, na wa safarini ni Kyalo. Kioko wako wengi mno, lakini hilo halikumsumbua mtu zamani. Ukiuliza "Mutuku yupi?" ulijibiwa kwa jina la baba, kisha ukoo, kisha kilima anachokaa. Mali nayo ilijulikana kwa alama ya ukoo. Wakamba walichora alama hizo kwenye mizinga ya nyuki iliyoning'inia mitini mbali na nyumbani, na kwenye mishale pia, ili mwenye mali ajulikane hata asipokuwapo. Mtu mwenyewe hakuhitaji kubeba ushahidi kwamba yeye ni yeye. Majirani walitosha.

Serikali ya kikoloni haikuwa na majirani wa kuuliza. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande. Karatasi hiyo ilibeba jina, kabila, wilaya, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kumaliza kazi, na mshahara. Ilikunjwa ndani ya mkebe mdogo wa chuma wenye uzi, na mkebe ukavaliwa shingoni. Wakikuyu waliuita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Mshahara ule ulioandikwa haukuwa jambo dogo. Mwajiri mpya alifungua mkebe, akasoma yule wa kwanza alilipa ngapi, na mazungumzo ya malipo yakaishia hapo. Mfanyakazi akiondoka bila mwajiri kutia sahihi ya kumwachilia, alihesabiwa mtoro, na polisi walikuwa na nambari yake. Siri za mtu zilikuwa kifuani pake mwenyewe, ila hakuwa na amri ya kumzuia yeyote mwenye cheo au shamba asizisome.

Hata wizi wa utambulisho wa siku zile ulielekea upande mwingine. Hofu ya wazungu ilikuwa kwamba kibarua angeutupa mkebe vichakani, aende wilaya ya mbali, ajiandikishe upya kwa jina lingine na kuanza maisha bila doa. Ndiyo maana vidole vilipakwa wino. Nakala ziliwekwa Nairobi, zikapangwa kwa ufundi uliokamilishwa Bengal, India, mwishoni mwa karne ya 19, ambako wataalamu wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walifanya sehemu kubwa ya kazi iliyokuja kuvaa jina la bosi wao Mwingereza, Edward Henry. Mashine nzima ilijengwa kumlinda mwajiri dhidi ya mwenye jina. Hakuna aliyefikiria kwamba mwenye jina naye angehitaji kulindwa.

Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko aliyoyapigia kelele mwanasiasa Harry Thuku na chama chake mwaka 1921. Alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 mwezi huo risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Akiwa mwanamke, hakulazimika kubeba kipande chochote.

Ukambani walikuwa na sababu yao ya kuitilia shaka kalamu ya serikali. Mwaka 1938 wakoloni waliamua kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi uwezo wa ardhi, wakaanza kuwachukua kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wakidai kumwona gavana. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Aliyeona ng'ombe wake wakihesabiwa kisha wakiswagwa hadi mnadani hangeweza tena kumwona karani kama mtu asiye na madhara.

Mkebe ulianza kuondoka shingoni mwaka 1947, ilipotungwa sheria mpya ya uandikishaji wa watu wa rangi zote. Walowezi sasa walitakiwa nao watoe vidole, wakaja juu: huo ni udhalilishaji, hayo ni mambo ya wahalifu! Iliundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na njia ikapatikana kwa wasomi kutumia picha na sahihi badala ya wino. Hoja zilizopuuzwa kwa zaidi ya miaka 25 zilisikika upesi zilipotoka kwenye vinywa vingine.

Wanawake waliingia kwenye sajili mwaka 1978 tu, na umri wa kuandikishwa ukapandishwa kutoka 16 hadi 18 mwaka 1980. Kwa hiyo bibi wa Katangi aliyezaliwa miaka ya 1930 aliolewa, akalima na kulea bila nambari yoyote ya serikali hadi utu uzima wake. Kadi ndogo iliyofungwa kwa plastiki ilianza kutolewa mwaka 1995. Ukiigeuza upande wa nyuma utakuta wilaya, tarafa, kata na kata ndogo, pamoja na alama ya kidole. Anayeishika kadi ya mtu wa Katangi anaweza kufika kwa naibu wa chifu wake bila kuuliza njia.

Kadi hiyo ikawa ufunguo wa kila mlango. Soja wa jengo la Nairobi huichukua na kuitupa ndani ya droo pamoja na nyingine hamsini hadi mgeni atoke. Saiba, duka la kompyuta na intaneti, huifanyia fotokopi, na ile iliyotoka na wino hafifu huachwa kwenye rundo la karatasi chakavu, ambalo baadaye hufungia njugu. Kila Juni, siku za mwisho za kuwasilisha ripoti za kodi, foleni ya saiba hurefuka na wateja humtajia kijana wa kompyuta nywila zao kwa sauti, kana kwamba ni majina ya watoto wao. Hakuna anayeshangaa. Taifa lililolelewa na "leta kipande" halikufundishwa kuuliza, "Cha nini?"

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na hapo nambari ya kitambulisho ikapata thamani ya fedha taslimu. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, mwaka 2019 Fuliza, na sasa simu haikubeba pesa peke yake, ilibeba pia uwezo wa kukopa. Tapeli hahitaji ujuzi mkubwa wa kompyuta. Anahitaji ule mstari mmoja wa daftari. Hupiga simu akiwa na jina lako kamili na nambari ya kitambulisho, na mtu akishatajiwa nambari yake huamini kwamba anayezungumza ni mhudumu wa kampuni. Hatua inayofuata ni kuombwa nambari ya siri, au ile iliyoingia kwa ujumbe sasa hivi.

Kuna njia ya kimya zaidi. Tapeli huenda kuomba laini yako ibadilishwe akidai kadi ya simu imepotea, akionyesha kitambulisho bandia chenye maelezo yako ya kweli. Simu yako hupoteza mtandao ghafla. Katangi mtu atadhani ni mnara umezima, atasubiri, ataenda kuchota maji. Laini ikirudi, salio limekwenda na deni la Fuliza limeingia, yote kwa jina la Mutuku ambaye siku hiyo nzima hakubonyeza kitufe.

Ulinzi ulichelewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, iliandika kwa mara ya kwanza kwamba habari za faragha za mtu au familia yake zisitakiwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 ilimwekea anayejifanya mtu mwingine faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini shule ya Roma, shilingi milioni 4.55, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, shilingi 2,975,000. Ilikuwa kama karne moja tangu mkebe wa kwanza uvaliwe.

Serikali yenyewe ilijikwaa kwenye sheria hiyo hiyo. Mwaka 2019 Wakenya walipanga foleni za Huduma Namba, nambari mpya ya utambulisho, machifu wakihimiza kila boma. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hakuna aliyepima kwanza hatari kwa data za watu. Mwaka 2023 kampuni ya Worldcoin nayo ikajaza watu kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, ikipiga picha mboni za macho kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000. Shughuli ilisimamishwa Agosti, na Mei 2025 mahakama ikaamuru data hizo zifutwe. Waliopanga foleni wengi walichekwa. Lakini wao walau walilipwa. Soja wa getini hajawahi kumlipa mtu.

Siku hizi mtu anaweza kubonyeza *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kubonyeza hakuhitaji saiba wala wakala, na wapo wanaokutana na nambari wasizozijua kabisa.

Mshangao wa namna hiyo uliikumba nchi nzima Juni 2021, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Msajili wa Vyama vya Siasa aliwawezesha wananchi kukagua kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wameandikishwa katika chama gani. Watu walioapa kwamba hawajawahi kushika kadi ya chama walijikuta wanachama, majina na nambari zao zikiwa sahihi. Malalamiko zaidi ya 200 yalifika kwa Kamishna wa Data, na mitandaoni kila mtu akawa na mshukiwa wake: wakala, droo ya soja, au fomu ya mchango wa mazishi. Ilivyokuwa kwa kibarua wa 1920, ambaye hakuweza kuondoka shambani bila sahihi kwenye karatasi, ndivyo ilivyokuwa kwao. Ili majina yao yaondolewe kwenye orodha, walielekezwa wajiuzulu kutoka chama ambacho hawakuwahi kujiunga nacho, na hata kujiuzulu huko kulihitaji nambari ya kitambulisho.