Kicheko na Mzigo wa Manowari

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mkuu, nilimpeleka mjomba wangu kwenye kibanda cha video pale Kibiti. Nilikuwa nimesikia kwamba sinema iitwayo Shout at the Devil ilihusu manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Mjomba alizaliwa deltani. Baba yake alichukuliwa kwa nguvu kuwa mpagazi wa Wajerumani katika vita ile, asirudi. Niliona heri mzee aione habari ya kwao. Tukaketi kwenye benchi, jenereta likinguruma nje, nami nikawa mkalimani wake.

Haukupita muda akaniuliza, "Mjomba, huu ni mto gani?"

Nikamjibu kuwa ndio Rufiji.

"Mbona sioni mikoko?"

Swali lile lilikuwa la maana kuliko nilivyodhani siku ile. Sinema hiyo ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Peter Hunt, ilipigwa Afrika Kusini na Malta. Manowari yenyewe wameiita Blücher. Jina si neno; mtunga hadithi ana ruhusa yake. Lakini mikoko katika habari hii si pambo la jukwaa. Ndiyo iliyotenda kazi.

Manowari ya kweli, Königsberg, ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Tarehe 20 Septemba iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha, mitambo yake ikiwa mibovu, ikajificha deltani karibu na Salale. Mikoko iliificha. Maji machache yalizizuia meli kubwa za Waingereza kuifuata. Ndiyo maana vita ile ilichukua miezi mingi, hadi zilipoletwa Severn na Mersey, meli za mizinga zenye matumbo mafupi yasiyozama sana majini, pamoja na ndege za kuwaelekeza wapigaji. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilishindwa, na Wajerumani wenyewe wakailipua. Mtazamaji asipoiona mikoko, hawezi kuelewa kwa nini meli kubwa kama zile zilishindwa na kijito.

Tena haoni jambo jingine. Vyuma vya mitambo mibovu vilikokotwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Meli ilipokwisha kuangamia, mizinga yake 10 iliopolewa ikaenda kupigana bara. Waliokokota kwa kamba na mabega ni watu weusi.

Katika sinema, Lee Marvin ni mwindaji haramu wa pembe za ndovu, mlevi mwenye vituko, na Roger Moore ni Mwingereza anayedanganyika upesi. Wanapigana ngumi za kuchekesha, na kibanda kizima kiliangua kicheko. Mara mtoto mchanga wa Roger Moore na mkewe anauawa. Hapo tulitakiwa tulie, lakini vijana waliendelea kucheka, na siwalaumu. Sinema yenyewe ilikwisha kuwazoesha kwamba katika nchi hii hakuna jambo la kuumiza.

Kisha Roger Moore akapakwa rangi nyeusi ili apenye melini kama mchukuzi. Kicheko kikazidi. Mjomba akaniinamia. "Huyo aliyejipaka masizi ndiye baba yangu?"

Sikuwa na la kutafsiri.

Sisemi kwamba vita haina mzaha. The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa Kongo na Uganda, nayo inahusu meli ya Kijerumani katika vita hiyo hiyo, ila ziwani. Inachekesha sana. Lakini inaanza kwa kijiji kuchomwa moto na mmisionari kufa, na mzaha unatoka kwa watu wawili wenye hofu ndani ya mashua moja. Mzaha wao unakijua kifo. Hata hivyo, wenye kijiji kile kilichochomwa wanatoweka, nasi hatuwaoni tena.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwalaumu wageni. Lakini mwaka uliofuata wanafunzi wangu waliandaa igizo juu ya wapagazi wa Rufiji. Nilihofu wazazi wangechoka, nikaongeza mpagazi mlevi anayeyumba na kuangusha mzigo. Watu walicheka hadi machozi. Mjomba alikuwa benchi la mbele. Kesho yake alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema, "Mjomba, mzigo ule ulikuwa mzito." Hakuongeza neno.

Niliona haya. Nikamwomba anieleze walichokuwa wakicheka wapagazi wenyewe, kama walicheka. Akafikiri, kisha akatabasamu. Waliorudi, alisema, walisimulia kwamba wakikokota vyuma walinong'onezana: "Huyu bwana bahari imemshinda, sasa anataka kusafiri kwenye matope."

Nilimwondoa mlevi, nikatia maneno hayo. Tulipoigiza tena, watu walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe, maana kamba zilikuwa bado mabegani mwa wasemaji. Nilipohamia chuo cha ualimu niliwasimulia walimu wanafunzi habari hii kila mwaka, pamoja na kosa langu. Mjomba hakuwahi kwenda tena kibanda cha video, lakini igizo lile aliliona mara tatu.