Binamu wa Chumba cha Nyuma

Kuna filamu ya udongo inaitwa Cousin, yaani binamu. Adam Elliot wa Australia aliitoa 1998, katikati ya Uncle (1996) na Brother (1999). Haifiki dakika tano. Mtu mzima anamkumbuka binamu yake wa utotoni aliyekuwa na mtindio wa ubongo, na anamsimulia bila kumlilia: ni mtoto mwenye vituko vyake, basi.

Niliiona kwa simu, usiku, nikairudia. Elliot mwenyewe alizaliwa na mikono inayotetemeka, na udongo wa filamu kama hizi husogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, picha baada ya picha. Watu wake hawana mstari ulionyooka, na enyewe hawaonekani kuhitaji.

Mimi pia nilikuwa na binamu. Nakuru, mwisho wa miaka ya 90. Mama yake, mama mdogo, alifanya kazi Mombasa, kwa hivyo mtoto alikaa kwetu. Wageni wakibisha, mimi wa miaka minane nilimwingiza chumba cha nyuma na kuongeza sauti ya redio asisikike. Hakuna aliyetamka neno aibu. Mama alisema tu, "Wageni wamefika," na mimi nikajua. Malipo yangu yalikuwa soda moja.

Majirani walimwita kiwete. Maneno yetu ya zamani, kiwete, kipofu, kiziwi, yanaanza na ki- kama kiti na kikapu. (Kiongozi pia, najua. Huyo hakuna anayemfungia chumbani.) Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuja 2003. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na kuitwa kwa lugha isiyomdunisha. Binamu yangu alifariki 2009.

Albamu yetu ina harusi, ubatizo, hadi gari la jirani. Yeye hayumo. Kamera ilikuja na wageni, na wageni walipokuja yeye alikuwa nyuma, na mimi.

Mwezi jana nilimpigia mama mdogo kuuliza kama ana picha yake hata moja.

"Sina, mwanangu. Si wewe ndiye ulikuwa unakaa naye? Niambie basi, alikuwa anapenda nini?"

Nilikawia kujibu. Alipenda ile soda. Nilimpa nusu, kwa mrija, na alicheka povu likimpanda puani, ndiyo maana redio ililazimika kuwa juu hivyo.