Rovu: Kutoka Mwani wa China hadi Chumvi ya Uswisi

Maradhi mengi ya homoni hujificha ndani ya mwili. Rovu halijifichi: hukaa shingoni, mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana waganga waliliandikia tiba karne nyingi kabla ya homoni kujulikana. Ukilinganisha tiba za China na za Ulaya, utaona zote mbili zilikwenda kutafuta dawa baharini, na zote mbili zilikwama kwenye kipimo.

Huko China, katika karne ya 4, mganga Ge Hong aliagiza mwani ulowekwe kwenye pombe, uchujwe, kisha mgonjwa anywe kidogo kidogo. Kufikia karne ya 7, waganga wa huko walikuwa wakitumia pia tezi ya shingo ya kondoo. Ulaya nayo, katika karne ya 12, madaktari wa Salerno, kusini mwa Italia, walitumia majivu ya sifongo la baharini.

Siri ya dawa hizo ilifichuka kwa bahati mwaka 1811. Mfaransa Bernard Courtois alimimina asidi ya salfa kupita kiasi kwenye maji ya majivu ya mwani. Ukapanda mvuke wa zambarau, ukaganda kuwa chembe nyeusi zinazong'aa. Hiyo ndiyo iodini, ambayo Tanzania tunaiita madini joto. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa rovu. Uvimbe ulinywea, lakini waliozidishiwa walikonda na mioyo ikawaenda mbio. Dawa ikaogopwa.

Leo sababu inafahamika. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomi 4 za iodini. Homoni ikipungua kwenye damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huiamrisha thairoidi iongeze kazi. Malighafi isipopatikana, amri haikomi, na tezi hutanuka. Mgonjwa huhisi baridi na uchovu, hunenepa, hupata choo kigumu. Homoni ikizidi, mambo hugeuka: jasho, mtetemo wa mikono, kukonda. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku. Wazee wa mwani na sifongo hawakuwa na njia ya kupima kiasi kidogo namna hiyo.

Lakini kipimo si tofauti pekee. Tiba za kale zilimhudumia mwenye uvimbe. Mtoto aliyedumaa akili tumboni kwa sababu mama yake alikosa iodini hakuingia kwenye hesabu. Hapo ndipo Uswisi ilipochukua njia nyingine: mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden lilianza kuuza chumvi iliyotiwa iodini, ikamfikia mgonjwa na mzima kwa pamoja.

Jikoni nako kuna elimu yake. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu limeenea zaidi upande mmoja ingawa iodini ilikuwa haba kisiwa kizima. Ulioshukiwa ni muhogo usioandaliwa vizuri, kwa kuwa sumu yake ikivunjwa mwilini huzaa kemikali inayoizuia thairoidi kufyonza iodini. Desturi ya bibi zetu ya kuuloweka muhogo na kuuanika ni kinga ya kweli.

Wa kale waliipata dawa sahihi. Waliokuja baadaye waliipatia kipimo na kuifanya ya watu wote. Kwa hiyo nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Na shingo ikivimba, nenda ukapimwe damu kwanza: marovu mengine huletwa na kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, na hayo kuongeza iodini kunaweza kuyazidisha.