Kisu Kinachofuata Kiungo

Mtaani Kwa Mrombo watu huja kwa nyama choma, na mkata nyama hodari hujulikana kwa kisu chake: hufuata kiungo, hapasui mfupa ovyo. Sisi tunaotengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha tulichelewa kujifunza hilo.

Zamani mchoro wa tovuti ulimalizwa mzima kwenye Photoshop, kisha ukakatwa vipande kama vigae, kila kipande faili yake, vyote vikapangwa ndani ya jedwali. Mwaka 1996 David Siegel, katika kitabu chake Creating Killer Web Sites, aliwafundisha wabunifu kushikilia nafasi kwa picha ya GIF isiyoonekana, ya pikseli moja. Hata maneno yaligeuzwa picha. Mteja akibadilisha bei ya safari ya Serengeti, unarudi kuchora upya.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na Mlima Meru, nilioukata vipande kumi na viwili. Intaneti ya setilaiti ikavileta kimoja kimoja, na vilipotimia, ufa mweupe ulipita katikati ya mlima.

Dawa ilikwishapatikana. Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa katika maabara ya CERN, alipendekeza CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa, Oktoba 1994. Toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Maudhui yakae kwake, sura ikae kwake. Ila kila kivinjari kiliifuata CSS kwa namna yake, na miaka ikapita. Mwaka 2003 Dave Shea alifungua CSS Zen Garden: ukurasa uleule ukavaa sura nyingi, hakuna neno lililoguswa. Hapo wengi tukaamini.

Kukata kuliendelea, ila kwa macho mengine. Usuli wa rangi inayofifia ulikatwa ukanda mwembamba wa pikseli chache, CSS ikaurudia hadi ukajaza ukurasa. Alama ndogondogo zikawekwa kwenye faili moja, ikionyeshwa sehemu inayotakiwa tu. Shea aliieleza mbinu hiyo mwaka 2004. Kwetu hilo lilizidi urembo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulianza kazi Julai 2009 tu. Kabla yake, kila faili iliyoombwa kupitia setilaiti ilikula nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi.

Kona za mviringo, zilizotaka picha nne kwa kila kisanduku, leo ni mstari mmoja wa CSS. Wiki hii nimeletewa mchoro wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Nimeupitia wote, na vya kukata nimeona viwili: nembo, na Mlima Meru, mzima.